Konsolo ya Kompare Canio

Savino alipoamka asubuhi ya mazishi, kuku alikuwa ameshanyonyolewa na manyoya yake yamejaa kwenye ndoo karibu na mlango. Alisimama katikati ya jiko na soksi zake za sufu, akaitazama ndoo, akaitazama sufuria iliyoanza kutokota juu ya moto, mwisho akamtazama mkewe Gerarda, aliyekuwa anamenya karoti huku amempa mgongo.

"Huyo ni yule anayetaga," alisema.

"Kuna mwingine?"

"Mimi nilipolala na kifua wiki nzima ulinipa maji ya moto na limau. Ulisema kuku anayetaga hachinjwi."

"Wewe hukufa."

Savino alivuta kiti akaketi. Hakuwa mtu wa kelele. Hasira yake ilikuwa ya kukaa, kama baridi ya kuta za mawe za mji ule, ambayo humwingia mtu mifupani hata akijifunika mablanketi matatu. Akauliza jambo alilokwisha kulijua, kama wafanyavyo watu wanaotafuta ugomvi kabla ya kunawa uso. "Unampikia nani?"

"Unajua ninampikia nani. Nampelekea komare konsolo."

Kule kwao, katika milima ya Basilicata, nyumba iliyofiwa haiwashi jiko. Wenye msiba wanarudi kutoka makaburini, wanakaa, na chakula kinawafuata kutoka kwa majirani, leo nyumba hii, kesho ile. Chakula hicho ndicho konsolo. Na zamu ya kwanza si ya yeyote apendaye. Ni ya komare, mwanamke mliyebatiziana mtoto, na kabla chungu chake hakijavuka kizingiti, chungu kingine chochote hakivuki. Uwe tajiri, uwe na moyo wa malaika, utasubiri. Mtoto pekee wa Gerarda na Savino, Luca, ambaye siku hizi anafunga nati kwenye kiwanda cha magari huko Ujerumani, alishikwa penye maji ya ubatizo na Canio na mkewe Incoronata; tangu siku hiyo mume akawa kompare wao, mke akawa komare. Kwa hiyo Canio alipoanguka Jumanne ndani ya chumba cha kukaushia tambi na asiinuke tena, mtaa mzima ulijua zamu ni ya nani. Mtaa mzima ukanyamaza, ukikodoa macho.

Maana Canio alikuwa amevunja mgomo.

"Mimi nilikuwa nje na mvua," Savino alisema, na Gerarda aliyajua maneno hayo kama anavyozijua sala zake. "Sote tulikuwa nje. Yeye akaingia getini kasindikizwa na askari wawili, kofia ameivuta mpaka puani. Nikamwita. Kompare, nikamwita. Hakugeuka."

"Incoronata alikuwa anatema damu. Don Ettore aliahidi kulipa hospitali. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningegeuka nikaitika."

Miaka mitatu ilikuwa imepita. Don Ettore, mwenye kiwanda cha tambi, aliwafukuza waliogoma, akawaajiri vijana wa vijiji vya bondeni kwa ujira wa nusu. Savino, aliyekuwa na masikio ya kusikia tambi zikikauka, siku hizi anapogoa mizeituni ya watu akiitwa, na asipoitwa anakaa baa. Waliofukuzwa waliapa kwamba tambi za don Ettore hazitaingia tena vinywani mwao. Wanaume ndio walioapa. Wanawake ndio waliobaki kusukuma unga kila siku kwa mikono.

Kabla ya mgomo, nyumba hizo mbili zilikuwa kama jiko moja lenye milango miwili. Gerarda akioka tambi za Jumapili, zile zenye vidonge vidogo vya nyama katikati na jibini iliyoungua kidogo juu, sahani moja ilishuka kichochoro kwenda kwa Incoronata. Incoronata akipika tambi pana na dengu, au akikaanga pilipili hoho kavu mpaka zikawa zinavunjika kama majani, sahani ilipanda. Sahani haikurudi tupu hata siku moja; kama hapakuwa na kitu, iliwekwa mayai mawili au kipande cha mkate. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kisha ukaja mgomo, na sahani zikabaki kila moja kwenye kabati la kwao.

"Ukitoka na hicho chungu," alisema Savino akivaa viatu, "watu watasema Savino ameomba msamaha."

"Basi waambie si wewe. Waambie ni mimi, na nimekupiga."

Hakucheka. Alichukua kofia yake akatoka, na mlango akauacha wazi baridi iingie.

*

Jibini ilikuwa imekwisha. Gerarda alijifunga shali akavuka kwenda kwa shangazi Vincenza, mjane wa nyumba ya mkabala, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote ila kila mtu alimwita hivyo. Alimkuta na Filomena, mke wa fundi viatu, wakichambua maharage mezani. Walikuwa wanamzungumzia. Alilijua hilo kwa jinsi walivyomsifia shali.

"Kipande tu, cha kukunia kwenye supu," Gerarda alisema.

Vincenza alikata kipande kikubwa kuliko alichoombwa, akakifunga kwenye karatasi. "Kwa hiyo unakwenda."

"Ninakwenda."

"Na Savino?"

"Savino ana miguu yake."

Filomena alisogeza maharage upande huu na upande ule. "Sisi hapa tuko tayari, usituone hivi. Shangazi ameloweka ya kesho. Mimi nina samaki wa chumvi, nimebadilisha maji mara tatu. Lakini hatuwezi kukutangulia, mama. Tunakungoja wewe."

"Ukienda, tunakwenda," alisema Vincenza.

"Na nisipokwenda?"

Wakatazamana. "Usipokwenda," alisema Filomena polepole, "basi Mungu atatusamehe, maana mila ni mila."

Wanawake wa mtaa ule walimwachia Mungu kazi nyingi. Kila mmoja alitaka kumpelekea Incoronata chakula, na kila mmoja alimwogopa mumewe, na sasa wote walikuwa wamepata mgongo mmoja wa kujificha nyuma yake. Gerarda aliona uzito huo ukimshukia mabegani. Ndugu za Incoronata walikuwa Argentina. Dada wa Canio alikuwa kitandani, hajui hata siku gani. Yeye asipofika, hakuna atakayefika, na mwanamke atarudi kutoka kumzika mumewe akae na watoto watatu mbele ya meza tupu na jiko la baridi. Katika mji ule jambo kama hilo halisahauliwi. Wajukuu wangeambiwa: ninyi ndio wale ambao hawakuletewa.

"Nitakuwa nimefika kabla hawajavua makoti," alisema.

*

Jeneza lilipita saa nne. Mpeleka konsolo haendi mazikoni. Kazi yake ni jikoni. Gerarda alisimama dirishani na unga mpaka kwenye viwiko, akatazama chini.

Mbele walitangulia vijana wawili wa kiwandani wamebeba shada la don Ettore, kubwa kama gurudumu la trekta. Nyuma ya padri alikuwa Incoronata na mwanawe Egidio wa miaka kumi na minane, koti la baba yake limempwaya mabegani, na wasichana wawili wadogo walioshikana mikono. Nyuma yao alikuwa mhasibu Lovallo, mkono wa kulia wa don Ettore, amevua kofia. Baada ya hapo hapakuwa na mtu ila vizee wawili ambao hawakosi mazishi yoyote.

Jeneza lilipofika mbele ya baa, wanaume waliokuwa nje wakageukia ukutani. Hawakuondoka. Wangeondoka ingekuwa afadhali. Walibaki palepale, kumi au zaidi, pua kwenye plasta, kama watoto waliotiwa adabu na mwalimu. Mgongo wa Savino, Gerarda angeutambua kati ya elfu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na hakujua kama ni aibu ya Savino au yake yeye aliyelala karibu na mgongo huo miaka yote ile.

Incoronata hakuwatazama. Alipofika chini ya dirisha aliinua macho. Gerarda aliinua mkono wake wenye unga. Hakupata kujua kama ulionekana.

Alirudi mezani akamaliza tambi. Alikuwa ameamua supu ya kuku na tambi nyembamba, maana koo la mtu aliyefiwa limefungwa na chakula kizito hakipiti. Alisukuma unga mpaka ukawa mwembamba wa kuonea mwanga, akaukunja, akaukata kwa kisu, nyuzi nyembamba zote sawa, akazitandaza juu ya kitambaa. Hilo alilijua. Katika mji mzima, walisema, hakuna aliyekata nyembamba kama Gerarda, na Canio alikuwa akisema mashine ya don Ettore ingemwona Gerarda ingejiuzulu. Alilia kidogo alipolikumbuka hilo, akajifuta kwa mkono wenye unga, akaendelea.

Kengele ya saa sita ilipolia, aliwaona wakirudi. Hapo ndipo alipotia tambi kwenye supu. Zinahitaji muda wa kusema Salamu Maria mbili. Alijifunga shali, akaandaa kitambaa cha kufungia chungu, na alipogeuka mlango ukafunguka.

*

Savino aliingia na harufu ya mvinyo, lakini hakuwa amelewa. Afadhali angekuwa amelewa. Alichukua kiti, akakiweka mlangoni kwa ndani, akaketi, akakunja mikono.

"Nipishe," alisema Gerarda.

"Tumezungumza kule. Wote. Hakuna nyumba itakayopeleka."

"Nyinyi mmezungumza. Mmekwenda kugeukia ukuta na kuzungumza. Nipishe, tambi ziko ndani ya supu."

"Miaka mitatu nimekula maganda ya mkate. Mwanangu anaosha sahani yake peke yake kwa Wajerumani. Kwa nini? Kwa sababu tuligoma wote na baadhi wakaingia. Kama wote tungebaki nje, don Ettore angepiga magoti."

"Canio amekufa, Savino."

"Najua amekufa. Unadhani sijui?" Sauti yake ilikwaruza. "Miaka kumi na sita tumefanya kazi chumba kimoja. Nilikuwa najua amekula nini jana kwa jinsi anavyopumua. Unadhani sijui amekufa?"

Gerarda aliweka chungu mezani. Angeweza kumsukuma, Savino alikuwa amekonda siku hizo. Lakini mwanamke anayemrukia mumewe apeleke chakula cha msiba, habari zake zingefika kwa Incoronata kabla ya supu. Basi alisema. Alisema ya Luca alipougua surua na Incoronata akakesha. Alisema ya ubatizo. Alimwita Savino ng'ombe, kisha akamwita mpenzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arusi ya dada yake. Savino alijibu neno moja kwa kila kumi yake, na muda ukaenda, na kengele ya saa saba ikalia wakiwa bado wamekabiliana, yeye amesimama na mwenziwe amekaa kama mlinzi wa ghala.

Mwisho Gerarda alisema bila kupaza sauti, "Ukifa wewe, nani ataniletea mimi? Hao wa baa? Wataniletea ukuta?"

Savino aliyatazama magoti yake kitambo. Kisha akainuka, akakivuta kiti kando, miguu ya kiti ikalia juu ya sakafu. "Nenda," alisema. "Lakini unakwenda wewe. Mimi sijakutuma."

Gerarda alifunua chungu kabla ya kukifunga, kama afanyavyo mpishi yeyote. Tambi zilikuwa zimekunywa supu yote. Zile nyuzi zake zilikuwa zimevimba na kunata, zimekuwa donge moja la rangi ya maziwa, na mwiko ulisimama ndani yake wenyewe.

Hapa ndipo penye neno, na msimulizi hawezi kulipita kwa kumwonea huruma. Mlango ulikuwa wazi. Kichochoro kilikuwa cha kushuka tu. Angeongeza maji ya moto, akakoroga, akaenda. Lakini Gerarda aliona chungu kikifunuliwa mbele ya watu, aliona Egidio akichota donge, alisikia Filomena akisema kesho yake kisimani kwamba komare alimpelekea mwenzake uji wa mgonjwa. Baada ya miaka mitatu ya kimya, ndicho apeleke? Alitazama bakuli: mayai mawili yalikuwa yamebaki. Ya mwisho ya kuku yule.

"Si uende," alisema Savino.

"Sasa hivi nakwenda." Alikwishalitupa donge kwenye ndoo ya nguruwe, mifupa ya kuku ameirudisha motoni kwa maji mapya, na unga ameumwaga mezani. Kawia ufike, alijiambia, akaanza kusukuma.

Waliosema kawia ufike hawakupata kupeleka konsolo.

*

Alishuka kichochoro chungu kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, mikono inaungua, macho mbele. Mbele ya baa mazungumzo yalikatika. Mmoja akasema, bila kumtaja, "Kumbe bei ya Savino ni kuku mmoja," na wengine wakacheka puani. Hakugeuka. Alikuwa amepiga hesabu ya aibu hiyo tangu asubuhi na alikuwa tayari kuilipa.

Alichokuwa hajakitarajia kilikuwa gari. Lilisimama mbele ya nyumba ya Incoronata, jeusi, magurudumu mawili juu ya ngazi za mawe, na dereva alikuwa anarudisha masanduku matupu ya hoteli kwenye buti.

Egidio ndiye aliyefungua. Alikitazama chungu, kisha akamtazama yeye. Harufu ya mwanakondoo wa kuoka ilitoka nje. Kwa juu ya bega la kijana Gerarda aliona meza, sahani nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, wasichana wawili na midomo inayong'aa mafuta, na kwenye kiti cha Canio, kitambaa kimechomekwa shingoni, mhasibu Lovallo akitenganisha nyama na mfupa kwa uangalifu.

Incoronata alikuja. Alimsogeza mwanawe ndani, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Walisimama kwenye ngazi uso kwa uso. Miaka mitatu hawakuwa wamesimama karibu hivyo. Alikuwa amezeeka, na Gerarda aliona kwamba naye anaonekana hivyo hivyo.

"Komare," alisema Gerarda. "Pole, komare. Nimekuletea."

"Tumeshakula."

"Iwe ya jioni."

"Jioni nayo wameleta. Na kesho. Don Ettore amelipa siku zote tatu." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma. "Egidio anaanza Jumatatu. Chumba kilekile cha baba yake."

"Komare, zamu ilikuwa yangu."

"Najua ilikuwa yako. Gari lilifika tumetoka tu makaburini. Nikamwambia dereva, hakiingii kitu, tunamngoja komare. Alingoja huko ndani ya gari. Moshi wa jiko lako nilikuwa nauona tangu asubuhi. Nikawaambia wasichana, huyo anakuja, ni hatua chache. Mdogo akaanza kulia njaa. Nikampa maji. Saa saba ikapiga. Lovallo akasema, bibi, hao si watu wa kukuletea, hata jeneza wameligeuzia mgongo. Nikamwambia ngoja." Alipumua, kifua chake bado kilikuwa na ule mlio. "Mwisho nikamwonea aibu dereva, nikamwambia aingize."

Gerarda hakuweza kuweka chungu chini wala kukishika. "Kipokee tu. Usile, lakini kipokee."

"Lovallo amesema tukipokea chochote kutoka kwa wa mgomo, don Ettore atasikitika. Amesema hivyo tu, atasikitika. Anakata nyama anasema." Incoronata alitazama mlango nyuma yake, kisha akauliza taratibu, "Ulikuwa wapi?"

"Savino aliweka kiti mlangoni akakikalia."

"Mpaka sasa hivi?"

Hapo palikuwa na njia ya uongo, pana na safi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwanamke huyu alikuwa amekesha na Luca.

"Hapana," alisema. "Alinipisha. Ila tambi zilikuwa zimevimba. Nikasukuma nyingine."

Incoronata alikitazama chungu. Alinyoosha kidole akagusa kitambaa, kikiwa bado na moto. "Tambi," alisema.

"Nisingeweza kukuletea uji, komare. Siku ya leo."

"Ningekula uji, Gerarda."

Hakusema komare. Alisema Gerarda, kama asemavyo mwenye duka. Ndani mhasibu alikohoa, na Incoronata akaingia akafunga mlango, polepole ili usilie.

*

Njia ya kurudi ni ya kupanda. Kule baa safari hii hakuna aliyesema neno. Waliona chungu kinarudi kizito, wakaelewa, na kimya chao kilikuwa kibaya kuliko kicheko. Vincenza alikuwa dirishani. Alipomwona alivuta pazia. Maharage yale ya kuloweka angeyala mwenyewe wiki nzima, na samaki wa Filomena angeliwa na fundi viatu, na Mungu angewasamehe wote wawili kama walivyokuwa wamepanga.

Savino alikuwa bado jikoni. Kiti alikuwa amekirudisha mezani. Alimwona mkewe anavyokiweka chungu chini, akaona kitambaa hakijafunguliwa.

"Wamekataa?"

"Don Ettore amewapelekea. Lovallo yumo ndani, amekalia kiti cha Canio. Egidio anaanza kazi Jumatatu."

"Si nilikuambia," alisema Savino, lakini bila nguvu. "Nilikuambia ni watu wake hao."

"Hawakuwa watu wake. Saa sita hawakuwa. Walikuwa na njaa na dereva wa don Ettore yuko nje, na walikuwa bado watu wetu, wanatungoja sisi." Sauti yake ilipanda mpaka ikamshinda. "Wewe umewapeleka kule, Savino. Wewe na kiti chako. Don Ettore hakuhitaji hata askari mara hii."

Savino alikaa akitazama mbao za meza, ambapo unga wa tambi za pili ulikuwa bado haujafutwa. Gerarda naye aliuona. Alichukua kitambaa akaufuta haraka, akakung'uta dirishani.

Hakukuwa na kitu kingine cha kula nyumbani mle. Kuku alikuwa mmoja, mayai yalikuwa yamekwisha, na jiko lote la siku hiyo lilikuwa limepikia nyumba nyingine. Chakula cha msiba hakiliwi mezani kwa aliyekipika. Wazee wanasema kinaita msiba mwingine. Savino alijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini alikuwa hajala tangu jana, na baada ya muda alivuta chungu, akafungua kitambaa, akafunua. Gerarda alimwekea sahani na kijiko. Yeye hakuketi. Mpeleka konsolo haketi. Anasimama kando ya meza mpaka wenye msiba wamemaliza, na yeye alisimama hivyo, mikono imefumbatana mbele ya aproni.

Savino alichota. Tambi zilikuwa zimekwenda na kurudi, zikanywa supu njiani, zikavimba. Zilikuwa donge moja, sawasawa na zile za kwanza Gerarda alizozitupa kwenye ndoo ya nguruwe. Alikula kijiko cha kwanza, cha pili, machozi yakimshuka puani na yeye akiyafuta kwa ukingo wa mkono kama mtu mwenye mafua.

"Zimevimba," alisema Gerarda.

"Eh?"

"Tambi. Zimevimba zote."

Savino aliitazama sahani kama anayeiona kwa mara ya kwanza. "Mtu mwenye njaa anaangalia hilo?" alisema, akaisogeza sahani kwake aongezewe.

Gerarda akamwongezea.